Mikono Isiyopakwa Mafuta

Majira yote ya baridi ya mwaka ule wa 2017, Pascasie hakupaka mikono yake mafuta. Vidole vilipauka, kisha vikapasuka penye viungo, na kila asubuhi alipovaa glavu za kazini aliuma meno. Karakana aliyofanyia kazi, huko Golden Valley, ughaibuni, ilitengeneza vifaa vya chombo cha kurushwa kwenda sayari ya Mirihi, na sharti lilikuwa moja kwa wote: asiingie katika chumba safi, kile cha kuunganishia vifaa bila hata vumbi, mtu aliyegusa mafuta, yawe ya ngozi au ya nywele. Chembe ya mafuta, ikishafika huko juu, hugeuka mvuke unaotua juu ya kioo cha kamera, na kamera ikapofuka.

Kazi yake ilikuwa kufunga nyaya. Alizilaza sambamba kwa mamia, akazibana kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo, kila moja likilingana na mwenzake. Huko Uvira, mji alikotoka, alikuwa msusi. Msimamizi wake, Susan, alipompa uzi siku ya majaribio, hakuhitaji kumwonyesha mara mbili.

Aliyeumia zaidi kwa sharti lile ni Merveille, bintiye wa miaka kumi. Tangu Novemba alisukwa na jirani yao huko Richfield walikoishi, mama mwenye mkono mzito, na kila mara alirudi nyumbani akijishika kichwa. Hakulalamika. Ila Jumamosi ya kuamkia komunyo yake ya kwanza alileta kitana na kopo la mafuta, akaketi sakafuni kati ya magoti ya mama yake.

"Mama, kesho nisuke wewe," alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye siku hizi alijibu kila kitu kwa Kiingereza. "Yaani leo. Kwa ajili ya kesho."

Pascasie akavaa glavu nyembamba za dukani. Wakagawana kazi: mtoto ajipake mafuta mwenyewe, mama asuke. Merveille alicheka, akasema mama yake anamsuka kama daktari anayempasua mgonjwa. Walipofika mstari wa mwisho, nyuma ya sikio, glavu ikachanika. Pascasie akahisi utelezi kwenye ncha ya kidole. Alinawa kwa sabuni mara tano, na hakumwambia mtu.

Jumatatu yalibaki mafundo kumi na moja, na gari la kuchukua mzigo lilitarajiwa kesho yake. Mlangoni pa chumba safi palikuwa na daftari. Kila anayeingia alitia saini kwamba hakugusa mafuta. Pascasie alishika kalamu. Miezi mitano alikuwa ameisubiri siku ya kufunga fundo la mwisho kwa mkono wake, na huenda angekosa si fundo tu bali na kazi yenyewe. Akaiweka kalamu chini, akamweleza Susan yote, hata glavu ilichanikia wapi.

Susan alilifunga daftari. Kisha akasema kanuni ni kanuni: kwa siku tatu Pascasie hataingia. Kazi haipotei. Mafundo atayafunga yeye Susan, na Pascasie atakaa nje ya kioo amwelekeze kwa simu.

Vidole vya Susan vilikuwa vizito. Fundo la tatu alilifungua, akalirudia.

"Usilivute," Pascasie alimwambia. "Likaze kama unamsuka mtoto aliyesinzia."

Kufikia saa sita mchana yote kumi na moja yalikuwa yamekaa sawa.

Jioni Merveille alisikiliza habari ile mpaka mwisho, mikono mapajani. Aliuliza, kwa Kiingereza, kama kosa lilikuwa lake. Pascasie akatikisa kichwa.

"Siku tatu zote huingii?"

"Zote tatu."

Mtoto akaenda kuleta kopo. Akauvuta mkono wa mama yake, akaulaza juu ya goti lake, akaanza na kidole kidogo, akiyapenyeza mafuta taratibu katika kila ufa.