Mahali Pasipofika Panya

Kahonzi alifua shuka za Mwitaliano mmoja hapa Malindi kwa miaka kumi na tisa. Mzee yule alipouza jumba arudi kwao, alimshika mikono yote miwili, akatokwa na machozi ya kweli, kisha akampa maikrowevu. Wengine wakistaafu hupewa kiinua mgongo. Cha Kahonzi kiliuvunja, maana alikibeba mwenyewe kutoka barabarani hadi kwake Magarini.

Mashine ile haikuwahi kupika kitu. Umeme ni wa tokeni, na ugali haujawahi kulalamikia jiko la kuni. Mumewe Gona ndiye aliyeigundulia kazi: mlango wake unabana hadi sisimizi hajui pa kuingilia. Kahonzi akatandika kitambaa cha kufuma juu ya ile sahani ya kioo, akapanga mkate, sukari na majani ya chai. Ukifungua, taa inawaka. Majirani walikuja kuitazama sukari imelazwa kwenye mwanga kama maiti ya mkubwa.

Mwezi wa tatu Gona akaanguka katikati ya mananasi yake, akafa bila kusema neno. Na neno alilotakiwa kusema lilikuwa moja tu: barua ya shamba iko wapi. Enzi za uhai wake, kila alipoulizwa alijibu, "Iko mahali pasipofika panya," akacheka, akamega tonge.

Matanga hayajaisha vizuri, Dena, ndugu wa marehemu, akaja na mkongojo asiouhitaji.

"Shemeji, hili shamba ni la baba yetu. Kama Gona aligawiwa yeye, karatasi iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo."

"Basi nitamleta afisa wa ardhi aje aisome hiyo ipo."

Kahonzi alikwenda ofisini kuuliza nakala. Karani akamwambia faili limetoka. Limetoka kwenda wapi? Faili halikuaga. Akarudi nyumbani akapasua godoro, akashusha makuti, akachimba chini ya mtungi. Panya aliwakuta kote huko.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Dena akatuma salamu kwamba afisa anakuja Jumamosi. Alhamisi, Kahonzi akafungua maikrowevu achukue mkate, ndani giza. Balbu imeungua.

Mtu mwenye akili angeiacha. Lakini Kahonzi ameishi pwani hii miaka hamsini, ameona watu wa jiko la kuni wakihamishwa kama mbuzi. Nani atathubutu kumhamisha mwanamke anayempashia afisa chai kwa mashine yenye taa? Ndio utetezi aliobaki nao. Ijumaa akamwita Mutuku, Mkamba anayetengeneza redio na pasi kule sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Imekufa?"

"Imepofuka tu. Itapasha hata bila taa."

"Bila taa siitaki."

"Mama, unataka kupasha chai au kuisomea?"

"Wewe weka taa."

Mutuku akaichomoa, akafungua bati la nyuma, akapeleka bisibisi ndani taratibu. "Usisogee. Hii hata ikichomolewa inaua. Kuna umeme imejiwekea akiba."

"Basi inanishinda. Mimi sina akiba ya kitu chochote."

Akatoa balbu nyeusi kama buni ya kahawa, akatia nyingine aliyoing'oa kwenye maikrowevu iliyokufa zamani. Akarudisha bati na skrubu zote, hata moja isibaki mkononi, jambo ambalo kwa fundi ni muujiza.

"Haiwashwi tupu," akasema. Kahonzi akatoa mkate, makopo na kitambaa chake. Chumba kina dirisha dogo kama la kuku, ndani ya mashine hamkuonekana kitu. Mutuku akapapasa, akaweka kikombe cha maji, akafunga mlango, akachomeka, akabonyeza dakika mbili.

Taa ikawaka. Sahani ikaanza kuzunguka kwa shida.

"Inakwaruza," Mutuku akasema, akainama. Kahonzi naye akainama. Chini ya kioo, imelala kwa raha zake, bahasha ya kaki. Juu yake, kwa mwandiko wa Gona: SHAMBA.

Kahonzi akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Ni hiyo," akasema polepole, kama anayemwonyesha mgeni njia. "Fundi, ni hiyo."

Gona, mtu wa mipango, alikuwa amezibana karatasi zake kwa pini ya chuma. Pini ikapiga cheche za buluu, bahasha ikashika moto, na balbu mpya ikawaonyesha kila kitu vizuri kabisa. Mutuku alipofungua mlango na kumwaga yale maji, kilibaki kipande cha upana wa vidole viwili: nusu ya muhuri, na maneno "Kwa Bwana".

"Mama, sikujua."

"Ungejuaje? Mimi niliyelala naye sikujua."

Jumamosi chai ilipashwa na taa ikawaka. Afisa akanywa, akasifu tangawizi, kisha akasema, "Barua, mama." Kahonzi akamletea kisahani. Afisa akakigeuza kile kipande kwa ncha ya kalamu.

"Jina liko wapi?"

"Limeungua jana."

"Jana," Dena akadakia. "Miezi mitatu haionekani. Ikaonekana jana, ikaungua jana."

Hata mimi ningekuwa afisa nisingeamini. Uongo hupangwa ukapangika; ukweli wa maskini huja hivyo hivyo, umevaa kiatu kimoja. Akapewa hadi mwisho wa mwezi ahame.

Mlangoni Dena akageuka. "Na hii mashine, shemeji, inabaki na nyumba?"

"Hii naondoka nayo."

Sasa yuko Junju kwa kaka yake, nyumba isiyo na umeme. Maikrowevu imekaa juu ya kigoda kwenye kona. Balbu yake ni mpya, imewaka siku chache tu. Ndani amepanga mkate, sukari na kile kipande cha barua, huvichukua kwa kupapasa, na hadi leo panya hajafika.