Nilimnyima Binti Yangu Tongoli Mpaka Amalize Kitabu

Kosa ni langu, na naliandika mwenyewe kabla jirani yangu wa duka la mbolea hajawasimulia kwa kutia chumvi. Jina langu msilitafute. Inatosha mjue ni mzee wa upande wa Mukuju, Uganda, nauza mabati na misumari, na darasani niliishia pale wenzangu walipoanza kushika kalamu ya wino.

Sikusoma, lakini nimejenga. Na nilipiga tongoli. Kwa asiyeijua, ni kinanda chetu cha nyuzi, unakipakata na kukidonoa kwa mikono miwili. Nikianza msibani, hata wale waliofuata chakula walinyamaza. Sikufundishwa na mtu kwa maneno. Nilikaa karibu na baba, nikatazama, nikajaribu, nikapigwa kofi, nikajaribu tena.

Shida ilianzia kwenye harusi moja Busia, upande wa Kenya. Kijana wa kwaya mwenye kinanda cha umeme akaniuliza, "Mzee, unaanza na noti gani, tukufuate?"

"Naanza na ile yangu," nikamjibu.

Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, waone haijaniuma. Iliniuma mpaka nyumbani.

Basi binti yangu wa mwisho, Awor, akanijia. "Baba, nifundishe tongoli. Nyanya anasema azikwe na wimbo wake, na wewe unazeeka."

Wimbo huo baba yangu aliutunga alipomwoa mama. Aliyejua kuupiga nilibaki mimi peke yangu. Mtu mwenye akili angemketisha mtoto siku hiyohiyo. Mimi nikajiambia, huyu hatachekwa na kijana yeyote wa kwaya. Ataanza na elimu. Nikaitundika tongoli stoo, kwenye msumari wa juu kabisa, nikamtafutia mwalimu wa muziki ng'ambo ya mpaka. Kila Jumamosi anavuka, kitabu kwapani.

"Nishike tu kidogo, baba."

"Ukimaliza kitabu."

"Hata uzi mmoja?"

"Daktari huanza kwa kupasua watu?"

Nilijiona nimesema neno zito sana.

Na mjue, mwalimu mwenyewe, msomi yule, alinipigia simu. "Mzee, huyu msichana ana sikio. Mpe aje na tongoli yenu. Haya ya karatasi yanaingia vizuri mkono ukiwa kazini."

"Mwalimu," nikasema, "ya mkono ninayo nyumbani. Wewe fundisha karatasi."

Hebu pigeni picha. Msomi anaomba chombo, na mimi ninayesoma gazeti kwa kufuatisha kidole ndiye ninayemkatalia, eti nalinda heshima ya elimu.

Jirani wa mbolea naye hakukosa la kusema. "Mzee, wewe iko na ng'ombe nyumbani, halafu natuma mtoto kusoma picha ya maziwa?"

Nikamwambia auze mbolea.

Awor alikuwa akifanyia kazi yake dukani kwangu. Anachora mistari, anaipangia vitone vyeusi vyenye mikia kama viluwiluwi, anagonga meza kwa kidole. Mteja akiuliza, najibu kwa kifua, "Anasoma muziki." Wengine waliuliza mbona hatusikii kitu. Nikawaambia huo ndio muziki wa wasomi, hauna kelele.

Halafu siku moja namshushia mteja mabati, bati moja likateleza, likanikata kano za mkono wa kushoto. Jeraha lilipona. Vidole havikurudi.

Awor akamaliza kitabu, akaleta cheti. Nikakiweka kwenye fremu. Tongoli ikashuka, vumbi tele, nyuzi zimelegea. Hakukaa nayo hata msimu wa mahindi mmoja, mama akafariki.

Msibani wanawake wazee walikuwa wamejifunga leso viunoni, tayari kuucheza wimbo wa mama. Awor akaipakata tongoli. Kila uzi aliujua kwa jina. Lakini vidole vilikuwa vinapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Shangazi yangu akamwinamia taratibu, "Mjukuu wangu, umepoteza nini humo?"

Awor akaiweka chini. Leso zikafunguliwa. Mama yangu akazikwa na nyimbo za spika za kukodi.

Baada ya matanga akaniketisha. "Baba, basi nieleze. Pale wimbo unapogeuka, gumba la kushoto linafanya nini?"

Nikautazama mkono wangu.

"Sijui," nikasema. "Mkono ndio uliojua."

"Basi imba."

Nikaimba, naye akaandika. Nilikuwa sijamaliza kukohoa, akanirudishia wimbo wote kwa tongoli, taratibu, uzi mmoja mmoja. "Ndio wenyewe?" Nikasema ndio. Na ulikuwa wenyewe, kama picha ya kitambulisho ilivyo mtu mwenyewe. Nakubali kwa shida kwamba bila zile Jumamosi hata hiyo sauti ya juu ningezikwa nayo. Lakini kilichokuwa kinapita chini yake, kile kilichowainua wazee vitini, kilikuwa kwenye vidole hivi, na vidole hivi sasa havishiki hata kikombe.

Awor hajanilaumu. Anajifunza tongoli sasa, kwa video za simu na kwa masikio yake, na anapiga vizuri tu nyimbo za watu wengine.

Wewe mzazi uliyetundika chombo ukisubiri mtoto aive, kishushe leo. Mpe na kitabu ukitaka, vikae mezani pamoja. Na usimtumie mwanao kujibu waliokucheka wewe.

Tongoli sasa inakaa kwenye kiti, popote mtu anaweza kuifikia. Kwenye ule msumari wa juu nimetundika cheti. Hakuna aliyewahi kuniomba akishike kidogo.