Ngano ya Kombaini

Koti la kazi la baba bado linanuka dizeli. Alilivaa siku walipoiandaa kombaini, mashine ya kuvunia aliyoiendesha kwenye shamba la ngano la serikali, kwenda karakana, ikafunguliwe yote. Ndani haikutakiwa kubaki punje hata moja, panya wasije wakatafuna nyaya. Lakini kwetu ng'ombe hakuhamishwa kabla hajalambishwa magadi, nami, bado mtoto, nikaifichia kombaini kiganja cha ngano.

Msimamizi wa shamba akaiona ngano. "Dereva, hii nini?"

Baba angeweza kufukuzwa kazi.

"Shikamoo," nilidakia. "Nimeweka mimi. Isiende na njaa."

Msimamizi akageuza uso kuficha kicheko. Baba akaizoa ngano, akaitia mfukoni. "Nitaitunza, mwanangu. Itakula ikirudi."

Kombaini haikurudi. Leo nimeingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Ngano bado ipo.