Mlenda Unaotembea

Juzi, kwenye kibaraza cha rafiki yangu Singida mjini, niliona konokono asiye na gamba kwenye jani la ua la kivulini. Kichefuchefu cha utotoni, kijijini kwa bibi Misigiri, kikarudi.

Bibi alipanda maua madogo ya majani mapana nyuma ya bafu, kwenye kivuli. Maji yalikuwa shida, kwa hiyo aliyamwagilia maji tuliyonawia baada ya kula ugali na mlenda, ile mboga ya kuteleza. Pale palinuka mlenda uliochacha. Niliamini ute uliong'aa kwenye majani ni mlenda wenyewe, umeota.

Mchana mmoja niliushika, ukajikunja kidoleni.

"Bibi, mlenda unatembea!"

Alicheka. "Mke mwenzangu, huyo ni konokono. Watoe kwa mkono, wananimalizia maua."

Kwa mkono? Nilichota chumvi jikoni nikawamwagia wote. Walitoa povu, wakayeyuka. Nilitapika palepale.

Baada ya siku chache maua yote yalikauka. Bibi alilaumu jua, nami nikaliacha jua libebe lawama. Leo najua chumvi iliunguza mizizi.

"Nikuletee chumvi?" rafiki yangu aliuliza.

"Acha," nikasema, nikamtoa konokono kwa vidole. Nilinawa mara tatu, na bado vinanata.