Mvuke wa Birika Ukumbini

Mwaka ule mvua ilikataa, mabwawa ya umeme ya Mto Tana yakapungua maji, na kwetu mtaani Huruma stima ikawa ya zamu: leo nyumba hizi, kesho zile. Shuleni tukaandaliwa mdahalo. Nchi iendelee kutegemea mabwawa, au ichimbe mvuke ulio ardhini kama ule wa Olkaria? Wasichana tulipewa upande wa mvuke, na wenzangu wakanichagua niwe msemaji wa mwisho. Mimi, ambaye hata jina likiitwa darasani nilikuwa naitika chini chini!

"Wewe ndiye unaelewa hii jiografia," rafiki yangu wa dawati moja aliniambia. "Ukinyamaza, wavulana watatushinda tena, na watatucheka mpaka tufunge shule."

Kwa vile niliogopa kusema, niliamua kuonyesha. Nilikata mkebe wa mafuta ya kupikia, nikatengeneza feni ndogo ya kuzunguka kwenye waya. Siku yenyewe nikabeba birika la mama, na mpishi wa shule akaniazima jiko la makaa.

Zamu yangu ilipofika maji yalikuwa yanatokota. Nikaisogeza feni kwenye mdomo wa birika. Badala ya mvuke, birika likatema maji moto! Feni ikalowa, ikasimama tuli.

"Niaje, mama chai!" msemaji wa wavulana akapaza sauti. "Mkate uko wapi?"

"Mimi yangu sukari nyingi, bana!" mwingine akadakia.

Ukumbi ulicheka mpaka mwalimu aliyekuwa mwenyekiti akagonga meza. Nilitamani kukimbia. Nikalitazama birika, nikaona kosa: nilikuwa nimelijaza mpaka shingoni, kama nyumbani, maana kwetu chai ya jioni ni ya wapangaji wa ploti nzima. Nikalishika kwa mkono wa sweta, nikamwaga nusu kwenye ndoo, nikalirudisha juu ya jiko.

"Bwana Mwenyekiti, maji yamezidi," nikasema. "Hata kule Olkaria, kisima hutoa maji na mvuke pamoja. Lazima vitenganishwe kwanza, ndipo mvuke uende kusukuma mitambo."

Birika likafoka mvuke mtupu. Feni ikatikisika, ikaanza kuzunguka, ikazunguka mpaka usingeweza kuona mabapa yake.

Nikamgeukia msemaji wao. "Ndugu yangu, feni imezunguka. Umeona mvua ikinyesha hapa?"

Alitazama dari, kweli kabisa, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Safari hii hawakunicheka mimi. Nikaendelea: mito tusiiache, lakini tuwe na vyote viwili, ili bwawa likikauka tusikae gizani.

Mikono ilipoinuliwa, hata wavulana wa nyuma waliinua ya kwao upande wetu. Tulishinda! Wasichana walinikumbatia mpaka sweta ikavutika.

Msemaji wao akaja akachuchumaa kando ya jiko. "Zungusha tena, dada. Sikuona vizuri."

"Leta maji," nikamwambia, na sauti yangu ikafika mlangoni.