Ndoo Nilizochota Mimi

Mama mkwe wangu alikuwa na bei moja tu. "Nguo ni nguo," alisema. Joho la kwaya, suruali ya mwalimu, shuka la gesti la kitanda cha watu wawili, vyote bei ileile. Mwisho wa mwezi alijumlisha sabuni, mkaa wa pasi na maji ya kununua, akagawanya kwa idadi ya nguo, kila nguo fungu lake, kama anagawa nyama ya msiba. Mimi niliyefua sikuwemo kwenye hesabu hiyo.

Tuliishi Nsemulwa. Mume wangu alikuwa kibarua Sitalike, anakuja mara moja kwa mwezi, anakula, analala, anaondoka. Nikabaki na mama yake, na mtoto wa miezi mitano, na mashuka. Treni ikiingia Mpanda gesti inajaa, na kesho yake naletewa furushi kubwa kuliko mimi. Kisima kilikuwa bondeni. Napanda na ndoo kichwani, mtoto analia mgongoni, na nikikaa nimnyonyeshe, titi halina kitu. Kliniki nesi aliangalia kadi, akaniangalia na mimi. Mstari wa uzito wa mtoto ulikuwa umelala chali.

"We mama, unakula kweli?"

Nikasema nakula. Ningemwambia nini, kwamba maziwa ya mwanangu yanafua mashuka ya wageni?

Basi jioni moja mama mkwe akatangaza: "Tuache yale majoho ya kwaya. Yanakula mkaa, faida sioni. Tubaki na gesti, ile ndiyo kazi."

Hasira zilinipanda. Majoho ndiyo kazi pekee iliyoniacha nikae nyumbani na mtoto. Nusu ndoo ya maji, kamba kidogo, pasi, kwisha. Ningebaki na mashuka matupu, mtoto wangu angekwisha.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Mwalimu wetu wa hesabu za biashara alikuwa akitufokea: kila kazi ina tumbo lake, msiseme nyumba imekula, semeni nani kala. Kesho yake nikaanza kuandika nyuma ya mlango wa jikoni. Huku mashuka, huku majoho. Nikichota ndoo, mstari wa mkaa. Tukinunua maji ya kuletwa na baiskeli siku nimezidiwa, mstari wa udongo mwekundu. Kila pasi niliyojaza mkaa niliiandika, na kila safari ya kupeleka. Niliandika hata kufua mara ya pili, maana ng'ombe wakipita kwenda mnadani vumbi lote linakalia mashuka, na shuka lenye vumbi gesti hawalipokei.

Wiki moja tu. Upande wa majoho ungeuhesabu kwa vidole. Upande wa mashuka ulikuwa mweusi mpaka chini kwenye bawaba.

Nikamwita mama mkwe. "Mayu, mama yangu, njoo uone."

Akaja na kikombe chake cha chai. "Haya, msomi. Umeuchafua mlango wangu kwa ajili gani?"

Nikamweleza taratibu. Shuka moja linakunywa ndoo mbili, linakula sabuni ya majoho manne, linashika kamba kutwa nzima, na bei yake ni ya joho moja. "Majoho ndiyo yanayoyalisha mashuka, mayu. Gesti waongeze bei au waende kwingine."

Alikunywa chai. Si mjinga yule, alielewa yote. Akagusa mistari ya mkaa.

"Hii mingi hivi ni nini?"

"Ndoo nilizochota mimi."

"Nani anakulipa?"

"Hakuna."

"Basi ni bure. Ng'ombe kumi na wawili wa mahari walikwenda kwa baba yako kule Litapunga, unataka nikulipe mara ngapi?" Akachukua kitambaa, akafuta mistari yangu yote. Ikabaki ile michache myekundu. Akacheka. "Kumbe hasara iko hapa! Maji ya baiskeli basi. Utachota yote."

Hesabu yangu mwenyewe ikanipiga.

Asubuhi furushi likaja. Nikakaa kwenye mkeka, nikampa mtoto titi, sikuinuka. Jua likapanda.

"Mashuka yataoza!"

"Mtoto hajamaliza."

"Nitamwita mume wako!"

"Mwite. Aje na ndoo yake."

Alinitukana mimi, akamtukana baba, akawatukana hata wale ng'ombe kwamba walikuwa wamekonda. Sikuinuka. Niliogopa, maana nikifukuzwa nilijua baba hana cha kurudisha. Ng'ombe wale kaka yangu alishawatoa mahari ya mkewe. Saa sita akaenda kumwita mjane wa nyumba ya pili, mama mtu mzima asiyetaniwa. Mjane akauliza kwanza: kwa ndoo shilingi ngapi? Wakapatana.

Mtoto alinyonya titi hili, nikamgeuza lile, akanyonya mpaka akalala na matone shavuni. Kutoka pale mkekani niliona mlango wa jikoni. Mjane akitua ndoo, mama mkwe anainama, anaokota kipande cha mkaa, anachora mstari. Ndoo nyingine, mstari mwingine. Alichora kwa makini, mahali palepale alipofuta yangu, na hakuruka hata mmoja.