Chungu cha Mama Kisimani

Nilikuwa na miaka saba mwaka ule kisima chetu cha Kinyangiri kilipoanza kutoa tope. Juzi nilisikia pampu ikinguruma kwenye vitunguu vya jirani, harufu ya mafuta ikanifikia, nikamkumbuka mama.

Mchana mmoja mwaka ule, mimi na mama tulikuta wanawake wamekizunguka kisima. Bibi aliyekitunza alimnyooshea mama kidole.

"Wewe wa kuja, umechotea chungu chenye masizi. Kisima kimekasirika."

"Bibi, chungu changu nakisugua kwa mchanga. Njoo ukione."

"Basi kimejikausha chenyewe?"

Wengine wakacheka. Mama akakatazwa kuchota. Na mimi niliamini. Njiani niliitazama mikono yake, nikitafuta masizi.

Upande wa pili wa kijiji, kwenye shamba la Mwingereza, injini ilinguruma kutwa na vitunguu vilikuwa kijani. Nilidhani wanasaga unga. Hakuna aliyejua kwamba injini ile ilivuta maji, na kwamba maji yale na yetu ni mamoja huko chini.

Mama alichota mbali, kwenye mchanga wa mto, mpaka alipokufa. Hakuna aliyemwomba radhi.

Shule sikuimaliza. Leo nina nyumba ya bati, ng'ombe, shamba la mtama na kisima nilichochimba mwenyewe. Sijamkataza mtu.